Aliyefutiwa Kimya Chake

"Dunia nzima, tangu iumbwe, hakuna mwanamke aliyewahi kugombezwa kwa kufuta hewa!" dada yangu alisema, mikono kiunoni. "Mimi ndiye wa kwanza. Niandikeni kwenye vitabu."

"Si hewa," shemeji alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, kinasa sauti kidogo mkononi, anakitazama kama mtu anavyotazama simu iliyotumbukia chooni.

"Nilisikiliza, Baba Pacha! Nilivaa na hayo madude yako ya masikioni. Faili la kwanza, hamna kitu. Nikasema labda wataanza kuongea mbele huko. Nikasubiri. Hamna. La pili, hamna. La tatu nikasikia mtu anameza mate, basi. Nikafuta yote yaliyokuwemo. Kwaya imeshasimama mstari, mwalimu ameshanyanyua mkono, mashine inaniambia imejaa. Imejaa nini?"

"Imejaa chumba."

"Chumba!" Akanigeukia mimi. "Kaka, umesikia? Nimefuta chumba. Kesho ataniambia nimekunja barabara nikaifungia kabatini."

Mimi nilikuwa nimekuja kurudisha ngazi yao, na ngazi bado iko begani. Kwenye ugomvi wa mume na mke, mtu mwenye ngazi begani ana bahati: anaweza kujifanya anatafuta pa kuiegemeza. Nikatafuta muda mrefu sana.

"Ulisikiliza mpaka mwisho?" shemeji akauliza.

"Kitu kisichokuwepo kina mwisho?"

"Mwishoni nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu: chumba cha mgonjwa, watu sita, mapazia yamefungwa, dakika moja."

"Sasa si ungesema mwanzoni!"

Shemeji akafumba macho. Nilitaka kucheka, kwa sababu dada yangu hapo alikuwa amempata, lakini nikamwangalia yule bwana vizuri: uso umemshuka, shati amelifunga vifungo upande. Nikaweka ngazi chini taratibu. Hii haikuwa hasira ya kawaida. Hii ilikuwa hasira ya mtu anayeona kazi yake inaondoka mlangoni na yeye hana viatu.

Shemeji yangu ni mtu wa sauti. Filamu, matangazo, mahojiano, popote watu wanapopigwa picha wakiongea, yeye ndiye aliyesimama pembeni na maikrofoni kwenye fimbo ndefu, mikono juu kama mtu aliyetekwa na majambazi. Kwenye kazi wanamwita Nyamazeni, kwa sababu ndilo neno analolisema kuliko salamu. Mwigizaji akilia vizuri, watu wanamsifu mwigizaji. Picha ikipendeza, wanamsifu mpiga picha. Sauti ikiwa nzuri hakuna anayesema lolote. Sauti ikiwa mbaya, hapo ndipo wote wanamkumbuka shemeji kwa majina yake yote matatu.

Kuishi naye ni mtihani. Nyumbani kwake huwezi kunywa chai ya moto kwa raha. Ukifyonza kidogo tu anakutazama. Ukikaa kwenye kochi anajua ni upande gani umekalia bila kugeuka. Halafu kuna suala la funguo. Ukimuuliza funguo za gari ziko wapi, anakwambia angalia kwenye friji. Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Kumbe kwenye nyumba za watu wanakopiga filamu, friji inanguruma, lazima aizime. Siku moja aliizima, akasahau, akaondoka zake, na nyama yote ya mwenye nyumba ikaoza. Tangu hapo, kila akizima friji anaweka funguo za gari ndani, juu ya mayai, ili asiweze kuondoka bila kuifungua. Anasema watu wa sauti wengi hufanya hivyo. Sawa. Lakini wewe huko nyumbani friji inanguruma muda wote, funguo zinafuata nini humo? "Mazoea," anajibu. Dada yangu ameolewa na mazoea.

Sasa hicho alichofutiwa. Wenyewe wanakiita rum toni. Shemeji akiwa na watu wa kawaida anakiita kimya cha chumba, na huwa anaeleza akiwa amekunja ndita, kwa sababu ameshaeleza mara elfu na hakuna anayemwamini.

Anasema hivi. Zamani filamu zilikuwa bubu, watu wanafungua midomo halafu maandishi ndiyo yanasema. Zilipoanza kutoa sauti, taabu ikaanza. Unaporekodi mtu anaongea, akikohoa katikati, unakata kile kikohozi unakitupa. Lakini palipokatwa panabaki tundu, na tundu hilo mtazamaji analisikia. Kwa nini? Kwa sababu hakuna chumba kilicho kimya. Kuna waya wa taa, kuna upepo wa dirishani, kuna bati, kuna mbwa wa mtaa wa tatu, kuna watu wanavuta pumzi. Sikio limeshazoea vyote hivyo bila wewe kujua. Ghafla vikikatika hata kwa sekunde moja, nukta moja tu, unashtuka, unadhani redio imekufa. Basi wale wa zamani wakajifunza: kabla hamjaondoka kwenye chumba, simameni wote kama mlivyokuwa, msiongee, chukueni dakika moja ya chumba chenyewe. Huko mbele mhariri akiwa na tundu, anakata kipande cha kile kimya anaziba, kama fundi anavyoweka kiraka cha kitambaa kilekile. Nani alianza, shemeji hajui. Nilimuuliza, akasema kila aliyemfundisha alimtaja mtu wake.

"Kwa hiyo ni kiraka," nilimwambia siku ile aliponieleza.

"Ndiyo, ni kiraka."

"Si uchukue kimya chochote basi? Chukua cha sebuleni kwako."

Alinitazama mpaka nikajuta. Kumbe kila chumba na kimya chake. Cha bafuni si cha sebuleni. Na chumba kilekile, watu wakitoka, hakisikiki tena vile, kwa sababu miili na nguo zinameza sauti. Hilo alilijua kwa kuumia. Kwenye filamu iliyopita, mwongozaji alipotangaza kazi imekwisha, watu wote walikimbilia gari la chakula. Shemeji akabaki peke yake kwenye chumba kitupu, akarekodi kimya cha chumba kitupu. Mhariri alipokibandika, kila kiraka kikasikika kama mtu ametumbukiza kichwa kwenye pipa. Waliitazama filamu ile watu wa kampuni, msimamizi akauliza, "Huyu wa sauti ana masikio?" Mwaka mzima baada ya hapo shemeji alirekodi matangazo ya dawa za meno.

Hii ya sasa ndiyo ilikuwa nafasi ya kurudi. Msimamizi yuleyule. Tukio lenyewe ndilo moyo wa filamu: mama mgonjwa kitandani anamwambia mwanawe maneno ya mwisho. Siku ya kupiga, shemeji alisimama mlangoni akakataa mtu kutoka mpaka apewe dakika yake, na akapewa. Betri ya mashine kubwa ilikuwa imekata roho, kwa hiyo alichukua kwa hiki kinasa kidogo cha akiba, akakirudisha nyumbani, akakiweka kwenye droo. Droo ya jikoni. Jumamosi dada yangu akataka kurekodi kwaya yao ya kina mama, ili wale wa sauti ya pili wajisikie wanavyopotea. Saa mbili nzima za kwaya zikakaa juu ya kile kimya. Shemeji alipeleka kinasa kwa fundi wa kompyuta. Fundi akamrudishia mapambio matano.

Na Alhamisi msimamizi anakuja kusikiliza. Akisikia matundu tena, tamthilia ya vipindi hamsini na viwili aliyomwahidi, kazi ya mwaka mzima, inakwenda kwa mtu mwingine, na shemeji anarudi kwenye meno.

"Mhariri hawezi kuokota vimya vidogo katikati ya maneno?" nilimuuliza.

"Mama analia mwanzo mpaka mwisho. Nimepata kipande kimoja, nusu nukta. Ukikirudiarudia kinalia kama injini ya mashua."

Basi hapakuwa na njia ila kurudi kwenye chumba kilekile, na watu walewale sita, kusimama bure dakika moja. Jumatatu alianza kupiga simu. Mimi ndiye niliyekuwa namwendesha, kwa sababu simu haikumtoka sikioni.

Mwongozaji alimwambia, "Nyamazeni, kimya ni kimya. Kachukue cha chooni kwako." Shemeji akamjibu kwamba filamu ina jina la mwongozaji mwanzoni, kubwa, na matundu yatakuwa chini yake. Mwongozaji akasema Jumatano saa nane, nusu saa tu. Mpiga picha akakubali kwa sharti la kupelekwa na gari. Kijana aliyeigiza mtoto alikubali haraka mpaka tukaona aibu. Bibi aliyeigiza mgonjwa aliuliza kama atalala kitandani tena. Alipoambiwa ndiyo, akasema atakuja mapema.

Mwenye nyumba ni muuguzi mstaafu, mjane, mtu safi kupita kiasi. Jumatano asubuhi tunafika, tunakuta chumba kimeoshwa. Zulia liko uani juu ya ukuta. Godoro limesimama juani. Mapazia yako kwenye beseni la sabuni.

Shemeji alisimama mbele ya lile beseni kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Mama," alisema kwa adabu yote aliyobakiwa nayo, "mapazia haya yanaweza kurudi dirishani?"

"Yakikauka, mwanangu. Nayapiga na pasi, nayakunja. Msimu huu natundika ya kijani."

"Ya kijani mepesi?"

"Mepesi, mazuri sana."

"Mama, nahitaji haya mazito. Na zulia. Na godoro. Kama ilivyokuwa."

"Mnapiga picha tena?"

"Hapana."

"Mnafanya nini?"

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama zulia. "Wanakuja kunyamaza," nikasema.

Yule mama hakushangaa. Miaka arobaini ya wodini, ameshaona watu wa kila aina. Akanipa beseni. Nilikamua mapazia mpaka viganja vikawa vyeupe, nikayatandaza kwenye kamba, nikayageuza kila baada ya robo saa kama mtu anayechoma mahindi. Shemeji alikuwa anapita anayagusa, anasema bado, anapita tena, anasema bado. Zulia nalo nililirudisha mimi. Godoro mimi.

Lakini taabu kubwa ilikuwa imeshatokea jana yake, Jumanne, nayo haikuwa ya mapazia. Mtu wa sita, ukimhesabu na shemeji mwenyewe, alikuwa dada wa vipodozi, aliyekaa pembeni ya kitanda siku ile akimfuta bibi jasho la uongo. Amesafiri, harudi mpaka wiki ijayo. Na dada wa vipodozi ni mtu wa mwili, Mungu kamjalia, na siku ile alivaa koti la sufu.

"Mimi nitakaa badala yake," nilimwambia shemeji. Tulikuwa mlangoni kwake.

Akanipima kutoka juu mpaka chini. "Shemeji, wewe ni fimbo. Sauti inakupita pembeni inaendelea na safari. Nahitaji mtu wa... wa kiasi."

"Kiasi gani?"

Macho yake yalienda jikoni, yangu yakaenda jikoni, na jikoni dada yangu alikuwa anasonga na mwiko, anaimba sauti ya pili. Tangu Jumapili walikuwa wanaongea kupitia watoto.

"Mimi simwambii," nilisema.

"Ni dada yako."

"Ni mkeo."

Akajikaza, akaingia. Nikabaki mlangoni, lakini nyumba yenyewe ndogo.

"Mama Pacha. Kesho nahitaji mtu wa kukaa kwenye chumba dakika moja."

"Waambie pacha."

"Pacha ni wadogo."

"Mwambie kaka."

"Kaka ni mwembamba."

Mwiko ukasimama. "Ahaa," dada yangu alisema. "Kwa hiyo unatafuta nini hasa?"

"Mtu wa... kuvaa koti zito."

"Yule wa vipodozi hayupo, si ndiyo? Namjua yule. Nilimwona kwenye ile sherehe yenu, alikalia viti viwili. Sasa umekaa, ukafikiri, ukaniona mimi."

Shemeji akanyamaza. Fani yake ile, lakini mara hii hakuifurahia.

"Nakuja," dada yangu akasema. "Na si kwa ajili yako. Nataka niione hiyo hewa kwa macho yangu, nijue nilifuta nini."

Saa nane Jumatano wote wapo. Mapazia yamekauka, isipokuwa pindo moja ambalo shemeji alilipiga pasi yeye mwenyewe, akilinong'oneza matusi. Bibi kitandani. Kijana amepiga magoti. Mwongozaji kwenye kona, anatazama saa. Mpiga picha nyuma ya kamera ambayo haina kazi, lakini shemeji alitaka iwepo. Dada yangu kwenye kiti, koti mpaka shingoni, jua la saa nane, jasho la kweli. Mlango siku ile ulikuwa wazi, kwa hiyo na leo uko wazi, na mimi nimewekwa ukumbini, nje ya hesabu.

"Nyamazeni," shemeji akasema, akabonyeza.

Nukta kumi. Simu ya mpiga picha ikatetemeka mfukoni.

"Nilisema zimeni!"

"Nimeweka kimya."

"Hicho ni kimya? Hicho ni nyuki!"

Mara ya pili walifika nukta ishirini, jirani akawasha mashine ya kukata vyuma. Nikatumwa kumbembeleza. Jirani akasema ana geti la mteja, nikamwambia kuna mgonjwa hapa ndani. Sikudanganya sana. Akazima. Mara ya tatu, nukta thelathini na tano, ikaanza sauti nzito, inapanda, inashuka. Shemeji akageuza kichwa pole pole kuelekea kitandani. Bibi amelala usingizi wa kweli, anakoroma.

Kijana akacheka. Kijana alipocheka, mpiga picha naye akacheka. Mwongozaji akasema, "Nyamazeni, mimi nina mkutano," akavaa kofia.

"Kaa," shemeji akasema.

"Umesema nini?"

"Kaa chini!" Hapo hakupiga kelele, na ndiyo maana ilitisha. "Wewe ulichukua siku kumi na tisa za filamu hii. Mara ngapi ulisema rudia, mwanga haukukaa vizuri? Nilisimama na fimbo juu mpaka bega likafa ganzi. Sikusema. Mimi naomba dakika moja. Dakika moja katika siku kumi na tisa! Mnaweza kuongea muda wote mnaotaka, mnaweza kucheka, mnaweza kukoroma, nikiondoka. Mnashindwa hata kutofanya kitu?"

Mwongozaji akavua kofia. Mwenye nyumba, aliyekuwa ukumbini pamoja nami, akaingia, akamgeuza bibi kwa ubavu kama alivyowageuza wagonjwa maisha yake yote, akatoka kwa ncha za vidole. Kukoroma kukakoma.

Shemeji akabonyeza.

Mimi sikuwahi kusikiliza chumba. Ukinyamaza kweli, kwanza unasikia damu yako mwenyewe. Halafu pazia likigusa ukuta. Halafu watu. Nilimtazama dada yangu. Mtu huyu anaongea hata akiwa na mswaki mdomoni. Alikuwa amekaza macho kwa mumewe, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na hakulifuta. Tone likaning'inia. Nikasema moyoni, likidondoka kwenye lile koti shemeji atazimia. Akalipokea kwa kiganja, polepole, bila sauti.

Shemeji akanyanyua kidole. Kisha akasema kwenye maikrofoni, "Chumba cha mgonjwa, watu sita, mapazia yamefungwa, dakika moja." Akasikiliza yote tena tangu mwanzo, macho yamefungwa, sisi tukingoja kama watu wa matokeo ya mtihani. Akatikisa kichwa mara moja kukubali.

"Tayari?" mwongozaji akauliza, na kabla hajajibiwa alishafika getini. Wengine wakamfuata. Bibi tulimwacha, alikuwa amelala vizuri mno.

Alhamisi msimamizi alikaa saa mbili na hakuuliza kuhusu masikio ya mtu yeyote. Mkataba wa ile tamthilia shemeji alitia saini Ijumaa, na huko alikosaini alimkosoa karani kwa jinsi anavyofungua droo. Lakini narudi nyuma kidogo, pale chumbani Jumatano, tulipobaki watatu. Shemeji anakunja nyaya, dada yangu anavua koti, mimi naanza tena kushusha mapazia mazito kwa sababu mwenye nyumba ameshaleta ya kijani.

"Baba Pacha," dada yangu alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili kumwita hivyo. "Hebu nieleweshe. Ulisema chumba chenye mtu hakisikiki kama chumba ambacho huyo mtu hayupo."

"Ndiyo."

"Hata kama hasemi kitu."

"Hata kama hasemi."

"Na wewe una masikio, unatofautisha."

"Natofautisha."

"Basi niambie. Mimi Jumamosi huwa naenda kwaya, wewe unabaki nyumbani peke yako. Nikiwa sipo, nyumba inasikikaje? Panakuwa pazuri zaidi au panakuwa pabaya zaidi?"

Shemeji akasimama na waya mkononi. Akafungua mdomo. Akanitazama mimi, nami nikajifunika pazia: akisema pazuri analala nje, akisema pabaya hatapata tena kimya maisha yake yote. Kisha akafunga boksi lake, akabana kufuli moja, akabana la pili, akalitia begani, akapita mlangoni.

"Baba Pacha! Si nimekuuliza?"

Tukasikia viatu vyake ukumbini, tukasikia geti.